Reli ya Kigoma Ndani ya Kompyuta

Wapo watu duniani ambao gemu kwao si mpira wala bunduki. Gemu kwao ni treni. Wanakaa mbele ya kompyuta, wanaachia breki taratibu, wanapiga honi kwenye kivuko, na wakiingia stesheni dakika mbili nyuma ya ratiba wanaumia roho kabisa! Programu hizo zinaitwa simuleta za treni. Microsoft ilitoa ya kwake mwaka 2001, na leo ipo Open Rails, ambayo ni ya bure na inasoma njia zilizojengwa kwa mtindo ule ule wa Microsoft. Ukitafuta njia za kuendesha utapata za Uingereza, za Ujerumani, za Marekani, hadi vijireli vya milimani huko Uswisi.

Sasa tafuta ya Kigoma.

Basi nikasema hii nitaijenga mwenyewe. Siyo yote jamani, Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mpaka ziwani ni zaidi ya kilomita 1,200 na mimi nina kazi ya gazeti. Nimeanza na kipande cha mwisho, kutoka Uvinza kwenye chumvi kuja Kigoma kwenye mawese na migebuka. Wenzangu chumba cha habari wananicheka: mwanaume mzima na digrii yako unacheza na treni? Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, halafu mtacheka vizuri.

Msingi wa yote ni OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuichora na yeyote anaweza kuitumia. Ndani ya ramani hiyo reli siyo picha. Ni mlolongo wa nukta, kila nukta na latitudo na longitudo yake, na mstari mzima umebandikwa maelezo: hii ni reli, upana wake ni milimita 1,000, hapa kuna daraja, hapa kuna stesheni. Unaipakua, unaiingiza kwenye programu ya kujengea njia, mstari unatokea ardhini, nawe unalaza reli juu yake. Kwa ramani ya Google huwezi kufanya hivyo kihalali, maana ile ina mwenyewe na masharti yake hayakuruhusu kunakili. Sharti la OpenStreetMap ni jepesi: taja chanzo, na ukiboresha data ukaigawa, iache wazi kama ulivyoikuta.

Mstari peke yake hautoshi. Gari litapanda mlima wowote likinguruma, lakini treni ni chuma juu ya chuma, mwinuko kidogo tu inaanza kuhema. Kwa hiyo unahitaji urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Huo nao upo bure. Februari 2000 chombo cha angani cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada, na vipimo hivyo, kila kimoja mita 30 hivi kutoka kwa mwenzake, vinapakuliwa na yeyote mwenye bando.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kipimo cha mita 30 kinaona kilima, hakioni mkato mwembamba ambao reli inapita katikati ya kilima hicho. Ukilaza reli juu ya data bila kufikiri, inapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, na hakuna kichwa cha treni kitakachoivuta njia ile. Waliojenga kweli walikata vilima na kujaza mabonde ili mteremko uwe mpole. Kadhalika kona. Nukta za ramani zimeunganishwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo kila kona inakuja na pembe, na lazima uigeuze kuwa tao kama ilivyo ardhini. Yaani unakaa usiku mzima ukijaribu kukisia mawazo ya mhandisi wa Kijerumani aliyekufa zamani. Alitaka nini hapa? Kwa nini alizunguka pale?

Na majibu yanakuja! Shuleni tulifundishwa kwamba reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Hatukufundishwa kwa nini Kigoma na siyo Ujiji, wakati Ujiji ndio ulikuwa mji. Misafara ya pembe na watumwa iliishia Ujiji. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Kigoma ilikuwa nini? Lakini weka ramani mbele yako uangalie mwambao. Ujiji imekaa ufukweni pa wazi, mtumbwi unavutwa mchangani na maisha yanaendelea. Kigoma ina ghuba, maji ya kina, na milima inayokinga upepo. Reli ilikuwa inatafuta meli, na meli zinatafuta ghuba. Ndiyo maana vipande vya ile meli ya Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 ikafunguliwa na kupakiwa kwenye maelfu ya makasha, vililetwa kwa reli hii na kuunganishwa Kigoma. Leo tunaiita MV Liemba. Kwa hiyo mji mmoja ulishinda na mwingine ukazeeka, na sababu nimeiona kwa macho yangu nikihangaika kulaza reli.

Ziwa nalo limenifundisha. Katika simuleta unaweka maji kwa kutaja kimo chake, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lakini kimo cha mwaka gani? Pale Ujiji penye mnara wa Livingstone, inaposemwa ndipo walipokutana, leo pako mbali na maji, kwa sababu ziwa lilishuka sana baada ya miaka ya 1870 lilipofungua njia yake ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Miaka hii ya 2020 likapanda tena, likaingia majumbani huko Bujumbura na Uvira. Rada ya mwaka 2000 haijui habari hizo. Ramani yoyote, hata ikiwa na namba nyingi kiasi gani, ni picha ya siku moja.

Kisha nikampelekea kazi yangu mzee mmoja wa Kigoma, dereva wa treni mstaafu. Shikamoo, marahaba, nikaweka laptop mezani, treni ikaondoka. Akaangalia muda mrefu bila neno. Mwisho akauliza:

"Mwanangu, mbona kimya? Watu wako wapi?"

Nikamwambia mzee, ramani haina watu. Akacheka. Halafu akaanza kunitajia stesheni kwa mpangilio kama mtu anayesali: Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, Usoke, Tabora. Akanieleza wapi unaanza kushika breki kabla hujaiona stesheni, wapi unapiga honi mapema kwa sababu ya ng'ombe, wapi mvua ikinyesha unapita polepole hata kama huoni tatizo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kwenye data yangu. Nimeviandika kwenye daftari, kurasa kumi na moja.

Kwangu hiyo ndiyo habari. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, na mimi naiunga mkono asilimia mia. Anayetaka watu wa Kigoma waendelee kulala njiani kwa ajili ya kumbukumbu zake hawatakii mema. Ila reli mpya ina upana wake, mikato yake na stesheni zake. Siku itakapoanza kazi, daftari la yule mzee halitakuwa na pa kutumika. Chuma kitabaki ardhini miaka mingi, lakini namna ya kukiendesha iko kwenye vichwa vya wazee wachache, na wazee hawapakuliwi.

Dar es Salaam imechorwa vizuri, na sehemu ya sifa ni ya wanafunzi wa vyuo walioingia mitaani kwenye mradi wa Ramani Huria kuanzia mwaka 2015. Huku kwetu majengo mengi yamechorwa na watu wa kujitolea walioko mbali, kutoka kwenye picha za setilaiti. Nawashukuru kwa dhati. Lakini setilaiti inaona paa, haioni jina. Kijiji kisicho na jina kwenye ramani hakina jina kwenye simuleta, wala kwa daktari anayetafuta mgonjwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wasomaji. Kama umekulia Nguruka, Kaliua, Urambo au popote treni inapopita, fungua akaunti OpenStreetMap leo jioni uandike jina la mtaa wako, kisima chenu, kivuko cha reli. Ni bure na haichukui nusu saa. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, kaa naye na daftari. Mimi nimebakiza Kazuramimba, na huyu dereva wangu ameniambia kona zake bado hazijanyooka sawasawa.