Goma: maji ya karibu, safari ya mbali

Juma hili tunawapeleka Goma, ukingoni mwa Ziwa Kivu.

Mji huu umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotoka katika volkano Nyiragongo. Kuchimba kisima humo ni kazi ngumu, kwa hiyo watu wengi wanategemea ziwa. Asubuhi kule Kituku tuliona mitumbwi, wauza samaki, na wamama pamoja na watoto wakijaza bidoni za litre 20. Wengine wanapakia chukudu, wengine wanabeba mgongoni na kupanda hadi nyumbani.

Si mbali na pale, majirani walichanga pesa wakanunua pompi ya umeme. Iko chini, karibu na maji, na tangi liko juu. Tuliuliza: mbona haikuwekwa juu, karibu na nyumba? Jibu ni hili: pompi inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Goma iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na huko pompi ya namna hii haivuti vizuri kupita mita 6 hivi. Lakini kusukuma, inafika juu zaidi.

Mama anayeichunga alituonyesha namna ya kuiwasha. Kwanza anatazama taa: ikiwa hafifu, umeme ni mdogo, anangoja, maana mota ingeweza kuungua. Halafu anafungua kifuniko cha juu, anamimina maji mpaka pompi na mpira wa kuvutia vijae na mapovu yaishe. Anafunga, anakausha mikono, ndipo anawasha. Maji yasipotoka kwa dakika mbili, anazima na kujaza tena. Pompi isizunguke kavu hata kidogo, maana maji ndiyo yanayoipoza. Umeme ukikatika, anazima swichi, kwani ukirudi unaweza kuja na nguvu nyingi.

Kila juma, umeme ukiwa umezimwa, anaondoa majani na plastiki kwenye chujio lililo ndani ya maji, anatazama kama mpira umepasuka, na kama pompi inadondosha maji. Kazi ya nyaya anamwachia fundi. Sehemu ya pesa ya kila bidoni inawekwa kando kwa matengenezo.

Ni kazi ndogo ndogo, lakini pompi ikifa, watoto wanarudi ziwani na bidoni zao. Maji ya ziwa, hata yakipita katika pompi, yanahitaji klori au kuchemshwa kabla ya kunywa. Goma haijasahau mwaka 1994, kolera na kuhara damu vilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi.

Basi, kikundi chenye pompi kichague wamama wawili wa kuichunga, si mmoja. Mmoja akisafiri au akijifungua, maji yaendelee kupanda.