Hadubini na Kiraka cha Mashua

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ukuta wenyewe, mpenzi msomaji, una la kutufunza. Huku kwetu Migori, anayekandika nyumba ya fito hukanyaga udongo pamoja na nyasi. Mbona nyasi? Udongo mtupu ukikauka hupasuka, lakini nyasi huushika usiachane. Faibaglasi ni ndugu wa ukuta huo, ila nyuzi zake ni za kioo na udongo wake ni rezini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu.

Sasa sikiza. Ami yangu ni mvuvi kule Muhuru Bay. Mashua yake ya faibaglasi ilitoboka, fundi akaitia kiraka. Hata miezi miwili haikuisha, kiraka kikabanduka wakiwa ziwani. Watu wanne walichota maji kwa ndoo hadi ufuoni, roho mkononi. Fundi akashikilia kuwa wamegonga jiwe. Ami akaniletea kile kiraka, akasema, "Mwanangu, nyinyi mnaosoma sayansi, hebu nitazamieni hiki."

Mwalimu wetu wa fizikia alikubali. Tulikata kipande kwa msumeno, tukakisugua kwa msasa ndani ya maji, kuanzia ule mkali hadi ule laini kabisa. Maji ni lazima, kwani vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na koo. Tukakiweka chini ya hadubini. Lo! Giza totoro! Hadubini ya shule humulika kutoka chini. Ngozi ya kitunguu hupenyeza mwanga, lakini kipande kinene kama kile hakipenyezi. Basi tukamulika kwa tochi kutoka juu, kwa kando, tukakuza mara 40 tu.

Ndipo mambo yakajitokeza. Uzi mmoja wa kioo ni mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo tuliona mafungu ya nyuzi. Mengine yalikuwa makavu, rezini haikuyafikia. Katikati yake mlijaa vitundu vya hewa. Na upande uliobanduka ulikuwa na utando wa rangi ya mashua. Kumbe kiraka kilishika rangi, hakikushika mashua!

Hadubini haikuweza kuapa kwamba jiwe halikuwapo. Ilionyesha tu kwamba kiraka kile kilikuwa dhaifu hata bila jiwe. Ami alimpelekea fundi michoro yetu. Fundi aliitazama kimya, kisha akairudia kazi: akakwangua rangi yote, akalowesha kila tabaka la nyuzi, akalikandamiza kwa rola ili hewa itoke.

Wanafunzi wenzangu, hadubini zetu hukaa kabatini zikingoja mtihani. Kumbe kule ziwani kuna watu ambao kati yao na kilindi pana unene wa kidole tu. Tuzitoeni, tutazame.