Mtoto alipokataa kuomba

Jumatatu jioni, Mei 20, 1996, baba mmoja wa Kahororo, Bukoba, alipanda meli ya MV Bukoba kwenda Mwanza na mzigo wake wa ndizi. Asubuhi ya Jumanne meli ikapinduka, Mwanza ikiwa karibu. Watu zaidi ya 800 walikufa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa.

Nyumbani, mama watoto alimwambia mwanawe wa miaka minane kwamba Tata amechelewa safarini. Wazazi wengi hufanya hivyo, wakidhani wanamkinga mtoto. Basi kijana akaendelea na sala yake ya kila usiku: Mungu, mrudishe Tata. Aliomba hivyo siku nne, huku nyasi zimeshatandikwa sebuleni na wanawake wanalia. Mtoto si mjinga. Siku ya tano aliambiwa ukweli na shangazi, aliyeongeza kwamba Mungu alimpenda Tata zaidi, ndiyo maana akamchukua.

Kijana akauliza, "Sisi hatupendi?"

Tangu usiku ule alikataa kuomba. Mama hakumkemea, kwa sababu naye alikuwa ameacha. Alikwenda kanisani, aliimba, lakini akipiga magoti peke yake hakuna neno lililotoka. Kilichomuumiza zaidi ni kukosa mwili. Kwa Wahaya mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba, watoto wakapaonyeshwa. Miili mingi ya meli ile ilizikwa Igoma, Mwanza, na mingine haikutoka majini kabisa. Huyu hakutambuliwa. Unamwombeaje mtu usiyejua alipo?

Waliokuja kufariji walisema maneno mengi mazuri, mengine ya haraka mno. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi waliyoifanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyesaidia. Alikuja jioni, akapokea buni akatafuna, akakaa. Kisha akasoma Zaburi ya 88 yote, akafunga Biblia. Mama alisubiri mahubiri. Hayakuja. Zaburi ile huanza kwa kilio na huishia gizani, hakuna shukrani mwishoni, na bado ni sala. Mzee alisema tu, "Mama, hata hii imo." Akaaga.

Usiku mama alimwita mwanawe, akamwomba msamaha kwa kumficha. Halafu akaomba mbele yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba: kwamba amekasirika, kwamba haelewi, kwamba karo haipo. Hakusema amina. Kijana ndiye aliyeisema, baada ya kimya kirefu. Hakuomba yeye mwenyewe hadi Krismasi, na mama hakumsukuma.

Mwaka uliofuata walikwenda Igoma. Mama alichukua udongo kidogo kwenye kitambaa, akaufukia kibanjani chini ya mgomba. Wapo waliomcheka.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Wavuvi walikimbia na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa. Kijana yule sasa ni baba. Binti yake wa miaka tisa alirudi mbio kutoka kwa jirani, akauliza kama ni kweli.

"Ni kweli. Wamekufa watu."

"Tuombe nini?"

Alifikiri kidogo. "Anza na unachokiogopa."

Binti akasema anaogopa ziwa. Akauliza kama ni maji yaleyale ya babu. Baba akamwambia ndiyo, ni yaleyale, kisha akamshika mkono wakaenda mpaka kwenye ule mgomba. Bibi alikuwa ameshafika, ameketi chini, kitenge kichwani.

"Mae," baba alisema, "tumekuja."

Bibi akasogea kidogo, wakakaa.