Matembezi ya Asubuhi Kutoka Mtendeni

Wageni wengi wafikao Tabora huuliza njia ya Kwihara, wakaitazame tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, kisha hurudi zao. Si vibaya. Lakini mji wetu una jambo jingine la kutazamwa, nalo halina kiingilio: ni ndege wa kando ya vijito katika majira ya mvua.

Sisi twakaa Mtendeni, mtaa wenye jina la mitende. Siku za mapumziko, baada ya Sala ya Alfajiri, hutoka na vijana wachache wa madrasa hata kijito kimoja nje ya mji. Si mto wa mwaka mzima. Mvua za huku huanza kiasi cha Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kiangazi kikizidi, hubaki mchanga na madimbwi. Kwa hiyo atakaye kuona na aende maji yangalipo.

Yangeyange husimama majini kwa mguu mmoja, mweupe kama kanzu ya Idi. Mdiria huelea hewani akipiga mbawa, kisha hujitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Fundichuma, mwenye kichwa mfano wa nyundo, hujenga juu ya mti tundu kubwa la vijiti, na mlango wake huuweka chini, akaukandika udongo. Wanana hufuma viota vyao matawini juu ya maji, mahali ambapo nyoka hapafikii kwa wepesi.

Asubuhi moja kijana mmoja alikuja na manati shingoni. Ndege alitua mchangani, mwenye rangi ya kutu, mbawa zake nyeusi zenye mistari myeupe, akidokoa wadudu kwa mdomo mrefu. Kijana akainua manati. Tukamshika mkono, tukampa simu, tukamwambia, “Mpige kwa hii.” Alipopiga, ndege alikunjua kishungi chake kama upepeo. Vijana wote wakakusanyika kuitazama picha. Tukawaambia kuwa huyo ndiye hudihudi, wa jamii ya yule waliyemsoma katika Suratun-Naml, aliyemletea Nabii Sulemani habari za Sabaa. Yule kijana akauliza, “Kumbe yuko hapa kwetu, Maalim?” Walikuwa wamemhifadhi kwa ulimi miaka miwili, na kila siku walimpita njiani.

Njia hii ya Tabora imebeba mengi. Misafara ilipita hapa na pembe za tembo mabegani mwa wapagazi, kuelekea Bagamoyo. Katika miaka ya 1880, Mjerumani Richard Böhm alikaa katika nchi hizi akichunguza ndege, na leo keremkerem mmoja huitwa kwa jina lake. Zama zile mtaalamu alipotaka kumjua ndege barabara, kwa kawaida alimpiga risasi na kuikausha ngozi yake. Picha imetuondolea udhuru huo: waondoka na sura yake, naye abaki na watoto wake.

Hata hivyo, picha nayo ina adabu zake. Lipe jua mgongo. Simama kimya, umwache ndege akuzoee. Usikaribie kiota wala usikate matawi ili upate kuona vizuri, kwa maana mama akikimbia, mayai hupoa, na kunguru hungoja nafasi hiyo hiyo.

Enyi wazazi, manati haigharimu kitu, wala hapana amkatazaye mtoto kuichonga. Lakini mkono uliozoea kuua pasipo haja haukomei kwa ndege. Watoeni watoto asubuhi, muwafundishe majina ya viumbe hawa kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Alijuaye jina la ndege huona haya kumpiga jiwe. Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia. Amin.