Vitumba vya Alasiri

Bibi hakutunga asmini iliyokwisha chanua. Ikimfikia mkononi imefunguka, aliitia kwenye sinia la vikuba, akanyoosha kiganja tena kungoja kitumba. Asmini ya koja huchumwa ingali imefumba, jua likianza kulegea baada ya sala ya Alasiri, maana ikishaingia Magharibi hufunguka yenyewe, na ikishafunguka haistahimili sindano. Mimi nilijua saa za jioni kwa asmini kabla sijajua kusoma saa ya ukutani.

Tulikaa Kikwajuni, Unguja. Uani kwetu kulikuwa na miasmini miwili na mwaridi mmoja, na mirehani iliyojiotea pembeni mwa kisima. Nyumba ya jirani ilikuwa na mlangilangi. Mkadi uliletwa kutoka shamba, umefungwa kwenye jani la mgomba, na aliyeuleta alitanguliwa na harufu yake tangu yuko mlangoni. Kukiwa na harusi mtaani hapakuwa na duka la kwenda. Maua ya bi harusi yalikuwa yameenea uani kwa watu, nasi watoto tulitumwa nyumba hadi nyumba na vikapu. Tukifika tunapiga hodi, tunaamkia, tunasema tumetumwa na Bibi, na mwenye nyumba anatuachia mti wake tuchume.

Mkeka ulitandikwa ukumbini. Wanawake kumi, kumi na watano, kila mmoja na sindano yake. Uzi ulikuwa mweupe wa pamba, uliolowekwa kwanza ili usiikate asmini. Mara ya kwanza kupewa sindano nilikuwa na miaka minane hivi, na nilivikamata vitumba kwa nguvu hata vikaanza kugeuka rangi.

"Si tofali hilo, mjukuu wangu," Bibi aliniambia. "Shika kama unashika sikio la mtoto mchanga."

Sindano haipiti kwenye tumba lenyewe. Inapita kwenye kikonyo, juu kidogo ya pale penye ukijani, na vitumba hupangwa kwa kupishana, kimoja kichwa kimeelekea kulia, kinachofuata kushoto, ili koja lijae pande zote. Ukivibana sana vinavunjika, ukivilegeza uzi unaonekana. Koja la kuzungusha kichwa tu lilikula vitumba vipatavyo mia tatu. Nilivihesabu siku moja kwa ukaidi wa kitoto. La kuanzia utosini hadi kifuani sikuweza kulihesabu. Usiku, bi harusi akiwa keshavishwa, asmini zilikuwa zinafunguka juu ya nywele zake, na chumba kizima kikabadilika harufu watu wakiwa wamekaa humohumo.

Kikuba ni kazi nyingine, na kwa mawazo yangu ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu ndani yake kila kitu kina nafasi yake. Bibi alianza na kijiti cha mrehani, akaweka vipande vyembamba vya mkadi alivyovichana kwa kucha, akafuatisha langilangi zile ndefu za kimanjano, halafu petali za waridi, na asmini zilizochanua akaziweka juu ili ndizo zionekane. Akafunga kwa uzi, mizunguko mitatu, akakata. Hakupima kitu. Alinusa. Kikuba kilichozidi langilangi kilimuumiza kichwa, akakifungua na kukianza upya hata kama usiku umekwenda. Wanawake walivibana kwenye nywele au begani, na ukipita ukumbini uliweza kujua kwa pua ni nani amefungiwa kikuba na Bibi.

Bi harusi mwenyewe hakugusa ua. Alikuwa ndani na somo wake, mikono imejaa hina, akisikia vicheko vya ukumbini. Nasema hivi kwa sababu baadaye, nilipokuwa bi harusi mimi, sauti zile hazikuwepo.

Niliolewa mwaka 1983. Wakati ule maduka yalikuwa matupu. Sabuni tuliipanga foleni, na kitambaa cha gauni langu kililetwa na mjomba aliyekuwa baharia. Lakini mabinti wote tulikuwa tumekwisha zitia macho picha za maharusi wenye shela na gauni jeupe, wameshika shada mkononi. Mimi nikataka shada. Bibi alikuwa mzee sana tayari, na neno lile lilimtatiza kweli. "Ua la kushika mkononi la nini?" akaniuliza. "Ua mahala pake ni kwenye nywele." Na alikuwa na haki, maana asmini haifanyi shada la mkononi: haina bua, na joto la kiganja huigeuza kahawia kabla hata ya picha ya kwanza.

Basi shada langu tulilitengeneza kwa karatasi, mimi na mama mdogo, kwa muda wa wiki mbili, mlango umefungwa. Karatasi laini za rangi, nyeupe na nyekundu, mama mdogo alizipata kwa mwalimu mwenzake. Mabua yalikuwa waya mwembamba wa shaba tuliouzongoa kutoka kwenye mota ya pangaboi iliyoungua. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Taji ya kichwani tuliifanya kwa kadi ngumu, tukaivika karatasi za fedha za pakiti za sigara tulizozinyoosha kwa kucha hadi zikang'aa. Kila petali tuliikata, tukaivuta katikati kwa vidole gumba viwili ili ifanye shimo kama petali ya kweli, tukaikunja ncha kwa sindano ya kufumia. Halafu tukachovya kila ua kwenye nta ya mshumaa ulioyeyushwa, ili karatasi isinyauke na iwe na uzito. Mishumaa ilikuwa miwili. Tulianza na maua meupe, yakatoka kama ya kaure. Tulipofika kwenye mekundu nta ilikuwa imebaki chini ya sufuria, ya kutosha maua matatu tu.

Siku yenyewe, nimeshakalishwa, shangazi akapita na mrashi akiwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi, kama ilivyo ada. Aliponifikia mimi akanyunyiza kwa mapenzi yote. Nikaona matone yanakaa juu ya maua meupe, mazima, yanametameta. Mekundu yakayanywa. Kabla sijajua la kufanya, wekundu ulikuwa umeteremka kwenye kidole changu, ukaingia kwenye gauni, kiunoni upande wa kushoto, ukaenea ukubwa wa kiganja. Niliganda. Bibi, ambaye siku hizo alikuwa akishikwa mkono kutembea, alinyanyuka kwenye kiti chake, akachomoa kikuba kilichokuwa begani kwake, akaja akakibana juu ya doa kwa pini ileile. Hakusema kitu. Katika picha za harusi yangu kikuba kile kinaonekana pale kiunoni, mahali ambapo hakuna mwanamke anayekiweka, na watu kadhaa waliniuliza mtindo ule nimeutoa wapi.

Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi alichukua urais wa Zanzibar, biashara ikaanza kufunguliwa, na alipokwenda kuongoza Muungano mwaka 1985 watu hawakuchelewa kumwita Mzee Ruksa. Bidhaa zikaja kutoka Dubai. Pamoja na vitambaa na redio yakaja maua ya plastiki, na kwa kweli tuliyapenda. Tulikuwa tumechoka na uhaba. Shada la plastiki halikunyauka, halikuchuja rangi, liliweza kuazimwa kutoka harusi moja hadi nyingine, kisha likawekwa kwenye kabati la vioo sebuleni. Baadaye wakaja wapambaji wa kumbi na majukwaa yao ya kukodi, na ikawa jambo la kawaida kwa harusi kupita bila mwanamke hata mmoja wa nyumba ile kushika sindano.

Wengi husema asmini ziliuawa na mitindo. Mimi niliyaona yakitokea, na sikubaliani nao. Asmini ziliondoka uani kwanza, ndipo zikaondoka kwenye nywele. Kwetu mwasmini mmoja ulikatwa kupisha chumba cha kupangisha, wa pili ukang'olewa palipowekwa tangi la maji, na chini pakamwagwa saruji. Mlangilangi wa jirani ulikatwa kwa kuwa mizizi ilikuwa inainua ukuta. Mtoto atatumwa wapi na kikapu? Na pasipo kikapu cha Alasiri hakuna mkeka wa Magharibi, kwa sababu asmini ndiyo iliyowalazimisha watu kukutana: haingoji kesho, na mikono miwili haiimalizi. Plastiki haimhitaji jirani.

Haya niliyafahamu vizuri mwaka 2010, kwenye harusi ya binti yangu. Yeye alitaka mawaridi ya kweli, meupe, nami nilikubali kwa moyo mmoja. Yaliagizwa Arusha, kwenye yale mashamba yanayokuza mawaridi ya kupelekwa Ulaya. Lakini ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, na Unguja nzima ilikuwa gizani tangu Desemba, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka bara kupitia chini ya bahari. Ilichukua miezi mitatu hivi kurekebishwa. Waridi lililokatwa linataka ubaridi tangu shambani hadi kwenye chombo, na sisi hata maji ya bomba yalikuwa shida kwa kuwa pampu hazikufanya kazi. Katoni zilipofunguliwa, siku moja kabla ya harusi, mawaridi yalikuwa yameinama shingo. Nilikata mabua kwa mshazari ndani ya ndoo ya maji, ili hewa isiingie yakashindwa kunywa, nikayasubiri. Machache yaliinuka. Mengi hayakuinuka.

Binti yangu alilia. Ndipo mama mdogo, yuleyule wa mishumaa miwili, akasema, "Petali zake ni nzima. Tafuteni asmini."

Tuliwatuma vijana na pikipiki hadi Bububu na zaidi ya hapo, kwa kila tuliyemjua mwenye mti. Bahati ni kwamba joto lile lililoua mawaridi ndilo linaloipa asmini nguvu ya kuzaa. Walirudi karibu na Magharibi na vitumba ndani ya kanga zilizoloweshwa. Tukatandika mkeka, tukawasha kandili. Baadhi ya wasichana walikuwa hawajawahi kuona asmini ikitungwa, na nilijisikia nikiwaambia maneno ya sikio la mtoto mchanga. Gizani vile, vitumba vilionekana kuliko mikono iliyovishika. Binti yangu alikuwa ndani na hina yake, akauliza kwa sauti kupitia pazia ni nani anayecheka namna ile.

Petali za mawaridi ya Arusha tulizitia kwenye vikuba. Zilikuwa nzuri kwa macho, lakini hazina harufu ya waridi letu la uani. Mama mdogo alizidisha mkadi kufidia.

Siku hizi binti yangu anaishi Maskati. Mwezi uliopita alinipigia simu, wifi yake anaolewa, na kazi ya vikuba amekabidhiwa yeye. Asmini anayo ya kutosha, na mrehani pia. Langilangi hana. Mkadi aliupata mkavu, nikamwambia aufunike na kitambaa kibichi usiku mmoja kabla ya kuuchana. Tulipitia mpangilio mara mbili, nikisikia kalamu yake inaandika. Halafu akaniuliza azungushe uzi mara ngapi.

"Mara tatu," nikamwambia. "Na uuloweke kwanza."