Nani Alimwua Kapteni Alex? Maoni ya Watazamaji wa Arua na Koboko

Sinema moja ikionyeshwa mbele ya watu mia, huonekana sinema mia. Askari hutazama mikono iliyoshika bunduki. Mama hutazama watoto wamekaa wapi risasi zinapoanza kulia. Kijana hutazama ni nani aliyeruka juu kuliko wenzake. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba picha fulani ni mbovu, yafaa tumwulize kwanza yeye huamkia kazi gani, ndipo tutakapojua ni ubovu upi anaousema.

Nimeyafikiri hayo kwa sababu ya picha moja ya hapa kwetu Uganda, ambayo nimeitazama mara mbili, mara ya kwanza mjini Arua na mara ya pili Koboko, na kila mara nikasikia hukumu tofauti. Jina lake ni Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimwua Kapteni Alex? Ilitolewa mwaka 2010. Picha hii yatuhusu sisi wa nyumba za askari kuliko watu wengine wote, kwa kuwa anayeuawa humo ni ofisa wa jeshi.

PICHA YENYEWE

Aliyeitengeneza ni Bwana Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Kampala. Kabla ya kujulikana alikuwa akifyatua matofali ili apate riziki. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipande vya mashine kuukuu, na ufundi wa picha alijifunza kwa kujaribu. Ameeleza kwamba alipokuwa mdogo hakuwa akiingia katika mabanda ya video. Ni kaka yake aliyekuwa akirudi nyumbani na kumsimulia sinema za mapigano alizoziona. Bunduki za kuigizia zilitengenezwa kwa vyuma chakavu na mbao na mafundi wa papo hapo mtaani. Gharama yote, kwa maneno yake mwenyewe, haikufika dola 200 za Marekani.

Hadithi yake ni fupi. Kapteni Alex ametumwa kulivunja genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia. Katika shambulio moja anakamatwa ndugu wa mkuu wa genge, na mkuu huyo anaapa kulipiza. Punde si punde Kapteni anakutwa amekufa kambini, katikati ya askari wake. Ndipo anapotokea ndugu yake, Bruce U, bingwa wa mapigano ya Kichina, naye anaapa kulipiza. Kutoka hapo ni mateke, milipuko, na helikopta inayopaa juu ya Kampala ikiangusha majumba. Mwisho wa yote genge linashindwa, lakini swali lililoandikwa juu ya picha halijibiwi. Aliyemwua Kapteni Alex hajulikani.

WALIYOSEMA ARUA

Arua niliitazama katika banda la video lililokuwa jirani na soko, penye mabenchi ya mbao na jenereta iliyounguruma nje. Vijana walicheka kutoka mwanzo hadi mwisho. Walicheka helikopta, ambayo imechorwa kwa kompyuta na kuonekana kama katuni iliyobandikwa mbinguni. Walicheka moshi unaotokea bila moto, na damu inayotoka kabla ya risasi kufika. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, aliilinganisha na zile sinema za Marekani za mitambo yenye akili, akataja The Terminator ya mwaka 1984. Akasema, "Kule chuma kinatembea nawe unakiogopa. Hapa chuma kinaruka nasi tunakihurumia."

Maneno yake yalitufurahisha, lakini sikuyaona kuwa ya haki. Ile sinema ya Marekani iligharimu dola milioni 6 na zaidi, na hiyo ilihesabiwa kuwa fedha kidogo kwa watu wa Hollywood. Aliyepewa gunia la unga na aliyepewa kibaba hawapimwi kwa chungu kimoja. Kosa litokanalo na umaskini wa vyombo ni kosa la kusamehewa, hasa pale fundi asipolificha. Bwana Nabwana hakuficha. Hata sauti ya mfasiri wake, ajulikanaye kama VJ Emmie, imo ndani ya picha ikitania, ikishangilia na kuwatayarisha watazamaji kwa mapigano yajayo. Nakala iliyoenea duniani ndiyo hiyo yenye mzaha wake.

Tulipotoka nje tulimkuta mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa ameketi mlangoni akisikiliza tu bila kutazama. Aliuliza, "Sasa alimwua nani?" Vijana wakamjibu, "Mzee, haikusemwa. Mtengenezaji alisahau." Wakacheka tena. Mzee hakucheka. Alisema kwamba yeye alikuwapo Ombaci.

Kwa wasomaji wasiotoka West Nile, Ombaci ni misheni iliyo karibu na mji wa Arua. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokuwa wamekimbilia huko kutafuta usalama waliuawa na wanajeshi wa serikali ya wakati ule. Mzee yule alipoteza ndugu. Alituambia hivi: "Nguo waliyovaa naijua. Jina la aliyefyatua risasi silijui mpaka leo. Kwa hiyo msiseme kwamba mtu huyo alisahau. Huenda anajua zaidi yenu."

Vijana walinyamaza, nami nikaondoka na maneno hayo.

WALIYOSEMA KOBOKO

Kazi ya utumishi hunipeleka Koboko mara kwa mara, kwa ile barabara ya lami itokayo Vurra hadi Oraba. Jumamosi moja picha hiyohiyo ilionyeshwa uani, katika nyumba za askari polisi, kwa ajili ya familia. Maneno ya picha ni ya Kiluganda, na mzaha wa VJ Emmie ni wa Kiingereza. Uani hapo palikuwa na Wakakwa, Walugbara, Wanubi, na wengine waliohamishiwa huko kutoka pande zote za nchi. Basi koplo mmoja alisimama kando ya televisheni akafasiri kwa Kiswahili, lugha inayotuunganisha kambini tangu zamani.

Hapa kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Sajini mmoja mstaafu wa jeshi hakujali helikopta hata kidogo. Yeye alihesabu makosa ya kazi. Alisema askari wale wanafyatua wakiwa wamesimama wima mahali pa wazi, kana kwamba adui amewaahidi kutowapiga. Tena akasema, "Kosa kubwa ni moja. Kamanda amekufa kambini usiku. Mlinzi wa zamu alikuwa wapi? Nani aliyekagua walinzi? Katika kikosi changu, kabla ya kumtafuta adui porini, tungeanza na daftari la zamu."

Nilimwona mama mmoja akitikisa kichwa kukubaliana naye. Ni askari wa upelelezi, na wakati huo mumewe alikuwa Somalia pamoja na majeshi yetu, ambayo yalikwenda kulinda amani huko tangu Machi 2007. Alikuwa amempakata mwanawe wa kiume wa miaka minane hivi. Mtoto yule, picha ilipokwisha, aliuliza kwa sauti, "Mama, kwani hawakuwauliza wale waliokuwa naye kambini?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mama akamjibu taratibu, "Hawakuwauliza, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Walikuwa na hasira."

Halafu alitugeukia sisi wakubwa, akasema maneno ambayo kwangu ni bora kuliko yote yaliyosemwa juu ya picha hiyo. "Afande, mtu ameuawa, na hakuna aliyezuia watu wasikanyage mahali pa tukio. Hakuna aliyeandika maelezo ya shahidi hata mmoja. Jalada halikufunguliwa. Ndugu wa marehemu amekuja, naye badala ya kuuliza akaanza kupiga. Wamepigana na watu wengi mno, na muuaji hawakumpata. Hilo si kosa la mwenye picha. Ndivyo inavyokuwa."

KULIPIZA NA KUTAFUTA

Tangu siku ile nimeacha kuliita kosa lile swali lisilojibiwa. Sidai kwamba Bwana Nabwana alikusudia fundisho. Sijakaa naye nikamwuliza, na picha yake yaonyesha wazi kwamba alitaka kwanza kutuchangamsha. Lakini hadithi yaweza kusema kweli hata pasipo msimuliaji kukaza macho. Ndani ya picha hiyo kila mtu analipiza, na hakuna anayetafuta. Mkuu wa genge analipiza kwa ajili ya ndugu yake, Bruce U kwa ajili ya wake. Kati ya viapo hivyo viwili maiti inaachwa peke yake, na jina la muuaji linafukiwa chini ya milipuko.

Sisi wa upande huu wa nchi twayajua hayo bila kufundishwa na sinema. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, kijiji kilichomwa kwa kosa la mtu mmoja, na watu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, kama zilivyoitwa nchi hizo wakati ule. Waliochoma walisema wanalipiza. Waliolipizwa wengi wao hawakuwa wamemkosea mtu. Anayelipiza huridhika akipata wa kupiga. Anayetafuta haridhiki mpaka ampate mwenye kosa. Tofauti hiyo ndiyo ipambanuayo polisi na genge, na jeshi la nchi na kundi lenye bunduki.

Hata hivyo, nina lawama yangu juu ya picha hiyo, wala sitaificha kwa kuwa wageni wa Ulaya na Marekani wameisifu. Vifo vyake ni vyepesi mno. Watu huanguka kama maembe wakati wa upepo, na mfasiri hushangilia. Mtoto wa mtu ambaye baba yake yuko mstari wa mbele asiachwe peke yake mbele ya mzaha wa namna hiyo. Sisemi azuiwe, nasema asiachwe peke yake. Yule mtoto wa Koboko aliuliza swali la maana kwa sababu alikuwa amepakatwa na mtu wa kulijibu.

NYUMBANI

Wazazi wenzangu, twaweza kuchukua mambo mawili kutoka katika picha hii.

La kwanza ni kuzungumza na watoto baada ya sinema yoyote ya mapigano. Tuwaulize: aliyekufa alikuwa nani? Nani alimpenda? Nani alipaswa kuulizwa naye hakuulizwa? Maswali matatu yatosha. Mtoto aliyezoea kuyajibu hatakuwa mwepesi wa kurusha jiwe pamoja na umati.

La pili ni daftari. Kila nyumba ya askari na iwe na daftari moja la kurasa ngumu, lihifadhiwe pakavu pamoja na hati za shule na za kliniki. Ndani yake liandikwe jina kamili la aliye kazini, namba yake ya jeshi au ya polisi, kikosi chake, tarehe aliyoondoka na mahali alikokwenda, na majina mawili au matatu ya wenzake anaowaamini. Akihamishwa, iandikwe. Akipiga simu, iandikwe tarehe. Wazee nao, kama yule wa Ombaci, waombwe kwa heshima waseme wayajuayo, na kijana wa nyumbani ayaandike kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupamba.

Hatuombei msiba kwa kuandika. Fundi hununua ndoo ya mchanga asiombee moto. Ila siku mtu atakapouliza kwetu habari za ndugu yetu, alikuwa wapi na alikuwa na nani, tuwe na ukurasa wa kumfungulia.