Shemeji aliyelibeba jina la Van Gogh

Mvua ya Amsterdam ni nyembamba sana. Haikulazimishi ukimbie, na ukija kushtuka umeshalowa. Ndivyo tulivyofika uwanja wa Museumplein, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ameishi jiji hili miaka mingi na alikuwa hajawahi kuingia Makumbusho ya Van Gogh. "Nitaingia lini, wifi? Ukikaa mahali, vitu vya mahali unaviacha kwa wageni," aliniambia. Nikamwelewa. Mimi mwenyewe nimekaa Tanga miaka 20 na mapango ya Amboni nimeyaona mara moja, tena nilipelekwa na wanafunzi.

Tiketi hununuliwa mtandaoni kabla, kila mtu na saa yake, kwa hiyo hakuna kusukumana mlangoni. Ndani kuna zaidi ya picha 200 za rangi za mtu mmoja, michoro karibu 500 na barua nyingi mno. Watu husimama mbele ya Alizeti wakiwa wamenyanyua simu juu kana kwamba wanarekodi harusi. Dukani maua hayohayo yapo kwenye miavuli, soksi, vikombe na mifuko. Wifi alishika mwavuli, akaangalia bei, akaurudisha taratibu.

Nilikuwa nimekwenda pale na kile tunachokijua wengi: kwamba mchoraji huyu alikufa maskini, hakuuza kitu, kisha dunia ikazinduka yenyewe na kuona ukubwa wake. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hiyo ya kuzinduka yenyewe ndiyo niliyoiacha Amsterdam.

Vincent van Gogh alikufa Julai 1890 nchini Ufaransa, akiwa na miaka 37, kwa jeraha la risasi aliyojipiga. Miezi sita baadaye, Januari 1891, akafa ndugu yake Theo, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyemlisha, akamnunulia rangi na kumsikiliza. Theo aliacha mjane wa miaka 28, Johanna, aliyeitwa Jo kwa kifupi, na mtoto wa kiume aliyekuwa hajatimiza mwaka. Mtoto alipewa jina la baba yake mkubwa, Vincent. Urithi wenyewe ulikuwa mamia ya picha ambazo hazikuwa na mnunuzi, zikiwa zimejaa kwenye nyumba ya kupanga jijini Paris.

Msomaji, jiweke mahali pake. Mume amekufa, ndoa haijafika hata miaka miwili. Una mtoto mgongoni na chumba kimejaa vitu vya shemeji ambaye watu walisema alikuwa na wazimu. Walikuwapo waliomshauri aziache picha hukohuko Paris. Jo alizifungasha zote, akarudi nazo kwao Uholanzi.

Tulikwenda kesho yake Bussum, mji alikohamia. Kutoka Amsterdam ni safari fupi ya treni, haifiki hata saa moja. Ni mji wa miti mirefu na nyumba za matofali zenye bustani, kimya mpaka unasikia baiskeli ikipita. Hapa Jo alifungua nyumba ya kupokea wageni wa kulipia, kulala na kula, aliyoiita Villa Helma. Mchana alikuwa anapanga vyumba na chakula, na juu ya sehemu ya kuotea moto alitundika Wala Viazi, ile picha ya giza ya familia ya wakulima mezani. Najaribu kuwafikiria wale wageni wakinywa supu chini yake.

Usiku alisoma barua ambazo Vincent alikuwa akimwandikia Theo. Katika shajara yake aliandika kwamba Theo hakumwachia mtoto peke yake, alimwachia na kazi: kazi ya Vincent, ionekane na ithaminiwe. Alikuwa amesomea Kiingereza na kukifundisha, si sanaa. Kwa hiyo akaanza kusoma walichoandika wahakiki, ili ajue watu wa magazeti wanaongea lugha gani.

Maana jina la mchoraji siku zile lilipita kwenye kalamu zao. Vincent mwenyewe alishalionja hilo kabla hajafa. Januari 1890 kijana mmoja wa Paris, Albert Aurier, mhakiki wa miaka 24, alichapisha makala ndefu ya kumsifu. Vincent wakati huo alikuwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy. Alimwandikia kumshukuru, akamzawadia picha, akasema sifa hizo zingewastahili zaidi wachoraji wengine. Baadaye akamwomba Theo amwambie Aurier asiandike tena juu yake. Sifa zilimtisha kama matusi yanavyowatisha wengine.

Majira hayohayo picha zake sita zilipelekwa kwenye maonyesho Brussels. Mchoraji mmoja wa huko, Henry de Groux, alikataa kazi zake zitundikwe chumba kimoja na zile "takataka", na Toulouse-Lautrec, mtu mfupi mwenye miguu mibovu, akataka wapigane kwa silaha kumtetea Vincent. Ugomvi ulizimwa kabla ya damu kumwagika. Kwenye maonyesho hayo Anna Boch, naye mchoraji, alinunua Shamba Jekundu la Mizabibu kwa faranga 400. Hilo ndilo uzo moja ambalo kila mtu hulitaja. Aurier naye, maskini, alikufa mwaka 1892 akiwa na miaka 27 tu. Mtetezi wa kwanza akawa ameondoka.

Kwa hiyo Jo alianza upya, na Uholanzi haikumpokea kwa mikono miwili. Mchoraji Richard Roland Holst aliandika katika barua kwamba mama huyu anakera, anashabikia kitu asichokielewa kama msichana wa shule. Mhakiki Jan Veth, mtu aliyeheshimika sana, aliziona baadhi ya picha akachukizwa na ukali wa mikono iliyozichora. Wengi wetu tungeishia hapo. Mwanamke, mjane, mwenye nyumba ya wageni, anaambiwa na wakubwa wa fani kwamba hajui anachokisema. Angenuna, ama angeuza vyote kwa bei ya fremu.

Jo alimpelekea Veth barua za Vincent azisome.

Hakubishana naye juu ya rangi. Alimwonyesha mtu aliyeshika brashi, jinsi alivyofikiri, alivyohangaika, alivyomjali mkulima na mfumaji. Veth alisoma, na moyo wake ukabadilika, kisha kalamu yake ikafuata. Na mwaka 1892, maonyesho ya Vincent yalipofanyika Amsterdam, aliyechora jalada la kitabu cha maonyesho hayo, ua la alizeti lililoinamisha kichwa, alikuwa Roland Holst yuleyule.

Hapa nina neno langu. Nadhani siku ile Jo alipomkabidhi mhakiki barua, alifungua mlango ambao haukufungika tena. Tangu hapo watu hawaangalii picha ya Van Gogh bila kuangalia maisha yake: sikio, hospitali, risasi. Nilisimama makumbushoni nikawasikia wazazi wakiwaeleza watoto habari za sikio, na mgongoni mwao kuna mti wa mlozi umechanua, picha ambayo Vincent aliichora kwa furaha ya kuzaliwa kwa yule mtoto wa Jo. Hakuna aliyegeuka. Jo mwenyewe aliiona hatari hiyo. Barua zote hakuzitoa vitabuni mpaka mwaka 1914, na alieleza kwamba isingekuwa haki kwa marehemu kuwafanya watu wampende yeye kabla kazi yake haijatambuliwa. Lakini kwa wahakiki alikuwa ameshazipitisha mapema, mkono kwa mkono. Simlaumu. Nasema tu kwamba alijua bei ya alichokiuza.

Katika kuuza alikuwa fundi kweli. Kwenye maonyesho alichanganya picha za kuuzwa na nyingine bora zaidi zilizoandikwa haziuzwi, ili watu watamani, na zile zinazouzwa zipande bei. Kila senti aliiandika daftarini. Mama yeyote aliyewahi kupanga maembe sokoni, makubwa juu, anaijua elimu hiyo.

Turudi Museumplein, maana siku ya mwisho tulirudi. Jirani na makumbusho ya Van Gogh lipo jengo la Stedelijk, ambalo upande wake mpya ni mweupe na mkubwa mpaka wenyeji wanauita beseni la kuogea. Katika jengo lake la zamani, la matofali, Jo alikodi kumbi kiangazi cha mwaka 1905 na kutundika kazi 484 za shemeji yake. Alikodi kwa fedha yake. Mabango alishughulikia yeye, orodha ya waalikwa aliiandaa yeye, na mwanawe, wakati huo kijana wa miaka 15, alimsaidia kuandika mialiko. Mume wake wa pili, Johan Cohen Gosschalk, naye mchoraji, aliandika utangulizi wa kitabu cha maonyesho. Wahakiki hawakukubaliana hata hapo, wapo walioandika kwa dharau. Lakini mtu mwenye kazi 484 ukutani hawezi tena kuitwa kichekesho cha kupita, na bei zilipanda.

London ilichelewa. Mwaka 1910 Roger Fry alipopeleka huko maonyesho ya wachoraji wapya kutoka Ufaransa, Van Gogh akiwa miongoni mwao, magazeti yaliyacheka. Miaka 14 baadaye makumbusho ya Uingereza yalikuwa yanambembeleza Jo awauzie Alizeti. Alikataa, kwa kuwa alikuwa ameitazama picha hiyo kila siku kwa zaidi ya miaka 30. Mwisho akakubali, akisema ni sadaka kwa ajili ya heshima ya Vincent. Mwaka uliofuata, 1925, akafariki. Yule mtoto ndiye aliyekuja kuhakikisha picha zilizobaki hazitawanyiki, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1973.

Wifi alikuwa kimya kwenye tramu. Kisha akamtaja kaka yake, shemeji yangu marehemu, aliyekuwa akichora mabao ya maduka na vinyozi kule Tanga. Alikuwa na mkono mzuri. Alipokufa tuligawana nguo, redio na baiskeli. Mabao hakuna aliyeyauliza, mimi nikiwamo, na nilikuwapo siku mafundi walipoyachukua kuezekea banda la kuku.

"Lile la simba aliyevaa miwani," akasema, "lilikuwepo mwaka juzi."

Akapiga simu nyumbani palepale. Alipokea mtoto, akatumwa uani kuangalia, tukasubiri huku tramu inapita madaraja mawili. Akarudi akasema lipo, ila limegeuzwa, upande wa rangi uko ndani kwa kuku.